Spesa au springi ndefu kwa gari dogo la njia mbovu

Spesa, yaani vipande vigumu vinavyowekwa juu ya shokapu, huinua bodi sentimita 2 au 3 kwa gharama ndogo, lakini springi inabaki ileile. Gari linapata nafasi chini. Kwenye mashimo bado linagonga vilevile.

Springi ndefu na ngumu kidogo, zikiwa na shokapu zinazolingana nazo, ndizo zinazobadilisha safari yenyewe. Hubeba mzigo bila kuzama, na tairi hurudi ardhini upesi baada ya kila tuta. Ningechagua hizi, hata kwa kungoja pesa itimie. Ila usizifunge juu ya shokapu zilizochoka: gari litadundadunda tu.

Kwa njia zote mbili usizidishe kimo, maana jointi za ekseli zitapinda mno na kuchakaa mapema. Kisha fanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yakae sawa.