FreeCAD kwenye kazi za chuma: uzoefu wangu na mistari iliyofichika, engo na ai-bimu

FreeCAD ni programu ya kompyuta ya kuchora vitu kwa vipimo, na mimi naitumia kuchorea minara ya matenki ya maji, vichanja vya kuanikia dagaa, fremu za paa na mageti. Ninayoyaandika yanahusu toleo la 1.0, lile la Novemba 2024. Ni ya bure kabisa, haina leseni ya kulipia kila mwaka, na ukishaipakua haidai intaneti tena. Kwa Kigoma hilo ni jambo kubwa: faili la kusakinisha linapakuliwa mara moja, linawekwa kwenye flashi, na karakana tatu zinalitumia.

Nianze na hukumu. Kwenye maumbo ya chuma iko vizuri, ila usiamini uzito inaokupa kabla ya kurekebisha. Kwenye mistari iliyofichika, yaani ile ya kukatikakatika inayoonyesha kingo zilizo nyuma, hesabu yake ni sahihi, lakini haijui mstari upi una maana kwa fundi na upi ni takataka. Kuchagua ni kazi yako. Na huku kwetu kosa la mstari mmoja lina bei, kwa sababu chuma kinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Baa ikishakatwa vibaya, duka la Mwanga, hapa hapa Kigoma, huenda halina nyingine ya unene ule ule, na kazi inasimama.

Tuanze na maumbo yenyewe. FreeCAD imegawanywa katika mabenchi, yaani makundi ya zana kwa kila aina ya kazi. Ndani ya benchi la BIM, la ujenzi, kuna kitufe cha Profile. Unachagua kundi, mfano IPE, HEA au HEB (ai-bimu, chuma chenye umbo la I) au UPN (chaneli, yenye umbo la U), kisha ukubwa. Inakupa sura ya mkato, yaani umbo la baa ukiitazama pale ilipokatwa; unaiteua, unabofya Structure, unaandika urefu, na baa imesimama. Ni kazi ya nusu dakika. Tatizo ni kwamba maumbo hayo yamechorwa kwa kona kavu. Ai-bimu halisi ina mviringo pale ukuta wa kati unapokutana na mabawa. Chukua IPE 200: kimo 200, upana 100, ukuta 5.6, bawa 8.5, na mviringo wa kona wenye rediasi 12, vyote kwa milimita. Ukiacha mviringo, eneo la mkato ni milimita za mraba 2,725. Ukiuweka, ni 2,848. Kwa uzito hiyo ni kilo 21.4 kwa mita badala ya 22.4. Baa ya mita 6 inakuwa imepungukiwa karibu kilo 6 kwenye makisio yako, na kama nauli ya mzigo inahesabiwa kwa kilo, tofauti hiyo utailipa wewe.

Chaneli za UPN zina kasoro nyingine ambayo inaumiza zaidi. Chaneli halisi ya UPN hadi kimo cha 300 ina mabawa yenye mteremko wa asilimia 8 upande wa ndani. Programu inayachora yamenyooka kama ubao. Kwenye mchoro, kichwa cha bolti kimekaa vizuri. Kwenye chuma, kimekaa kwenye mshazari na kinapinda bolti kadiri unavyokaza. Andika kabisa kwenye mchoro kwamba bolti za bawa zinahitaji washa ya mshazari, kwa sababu picha haitamwonyesha fundi.

Kwa engo (chuma chenye umbo la L) na skwea paipu siyatumii maumbo ya tayari. Nachora mkato mwenyewe kwenye Sketcher, benchi la michoro bapa, naweka mviringo wa kona, na kuhifadhi kila saizi kwenye faili moja ambalo ndilo ghala langu. Sababu ni unene. Bomba la 40 kwa 40 linalouzwa kama "mili 2" lipime kwa vernia kabla hujalichora. Likiwa 1.5, eneo la mkato linashuka kutoka milimita za mraba 304 hadi 231, yaani karibu robo ya chuma haipo. Mchoro unaoonyesha bomba ambalo dukani halipo hauna kazi. Ukipenda maumbo yako yatokee kwenye orodha ya Profile, orodha hiyo inatoka kwenye faili la maandishi liitwalo profiles.csv: kila mstari una kundi, jina, aina ya umbo, kisha vipimo kwa milimita, vikitenganishwa kwa koma. Liweke nakala pembeni kwanza, na lifungue kwa kihariri cha maandishi tu, kwa kuwa programu za majedwali zinaweza kubadilisha koma kuwa nuktamkato na orodha nzima ikakataa kusomwa.

Sasa mistari iliyofichika, ambako ndiko wengi wanakwama.

Michoro ya karatasi inatengenezwa kwenye benchi la TechDraw. Unafungua ukurasa wa A3, unateua vitu vyako, unaweka mionekano, yaani picha za kitu kwa mbele, upande au juu. Kila mwonekano una sifa zake, na nne kati ya hizo ndizo za kuzishika: HardHidden, SmoothHidden, SmoothVisible na CoarseView. HardHidden ndiyo inayowasha mistari ya kukatikakatika ya kingo zilizo nyuma. Wasiojua huiwasha kwenye mipangilio ya jumla ili kila mwonekano uwe nayo. Usifanye hivyo. Iache imezimwa, kisha iwashe kwenye mwonekano mmoja mmoja unaouhitaji. Hata ukiweka mionekano mitatu kwa pamoja kama kundi, kila mmoja unawashwa peke yake.

Kwa nini uihitaji kabisa? Angalia mguu wa mnara uliotengenezwa kwa engo ya 75 kwa 75 kwa 6. Ukiutazama kwa mbele unaona bawa moja limekukabili. Bawa la pili liko wapi, linakuja kwako au linaenda nyuma? Likija kwako, mstari wa unene wake unaonekana mzima, milimita 6 kutoka mgongoni, yaani kwenye kona ya nje ambako mabawa mawili yanakutana. Likienda nyuma, mstari ule ule unakuwa wa kukatikakatika. Hakuna kitu kingine kwenye mwonekano ule kinachotofautisha hali hizo mbili. Na tundu la bolti linapimwa kutoka mgongo wa engo: kwa bawa la 75 kipimo cha kawaida ni 45. Fundi akikosea mgongo ni upi, akapima 45 kutoka ukingoni, tundu linakaa 30 kutoka mgongoni. Limehama milimita 15, na pleti ya kiungo haiingii. Mstari huo mmoja ndio unaoamua kama mguu utafungwa au utatupwa.

Shida ni skeli. Mnara wa mita 3 ukiuchora kwa 1:20, ule unene wa milimita 6 unakuwa milimita 0.3 kwenye karatasi. Mstari mnene wenyewe una 0.5. Kwa hiyo mstari wa kukatikakatika umemezwa na ukingo, na unachokiona ni ukingo uliovimba. Kanuni ya ISO 128, ya kimataifa ya michoro ya kiufundi, inataka nafasi kati ya mistari miwili inayokwenda sambamba isipungue milimita 0.7. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuwasha chochote: unene wa 5 au 6 unahitaji 1:5, pleti ya 8 inaweza kuonekana kwa 1:10. Kwa hiyo mwonekano mzima wa mnara nauacha bila mistari iliyofichika hata mmoja, kisha natoa mwonekano wa kina wa kiungo kwa 1:5 na kuwasha HardHidden pale tu.

Hata kwa 1:5 kuna mtego. Mstari wa kukatikakatika kwa kanuni hiyo hiyo una kipande chenye urefu mara 12 ya unene wa mstari, na nafasi mara 3. Ukitumia unene wa 0.35, kila kipande ni milimita 4.2. Tundu la 13 la bolti ya M12, likitazamwa kwa upande kwenye bawa la milimita 6, kwa 1:5 lina mistari ya urefu wa milimita 1.2 tu. Ni mifupi kuliko kipande kimoja, kwa hiyo inatoka mizima, na anayesoma anadhani ni mfuo au kingo. Matundu kwenye chuma chembamba yaonyeshe kwa mwonekano wa uso au kwa mkato, na uandike kipenyo na idadi yake.

Sifa mbili za Smooth zinahusu mistari ya pale uso bapa unapoungana na mviringo bila kona: iliyofichika na inayoonekana. SmoothHidden iache imezimwa daima kwenye kazi za chuma. SmoothVisible huja imewashwa, na kwa ai-bimu yenye mviringo uliouchora kwa uangalifu ule wa juu, inaongeza mstari pale mviringo unapoanza. IPE 200 kwa 1:20 inakupa ukingo wa juu, kisha mstari mwingine 0.43 chini yake, kisha mwingine 0.6 chini ya huo. Inatoka kama utepe mweusi. Izime, na ai-bimu inarudi kwenye sura ambayo kila fundi anaijua.

Vitu viwili vinavyogusana navyo vina matata yake. Pleti ikilala sawasawa juu ya bawa la engo, kingo zao zinapishana na unaweza kupata mistari miwili mahali pamoja. Mistari miwili ya kukatikakatika ikipishana, vipande vya mmoja vinaziba nafasi za mwingine, na jicho linaona mstari mzima. Hutokea sana kwenye mnara, ambako engo ya mbele na ya nyuma ziko kwenye mstari mmoja wa macho. Dawa ninayoipenda ni kupunguza vitu vinavyoingia kwenye mwonekano: badala ya kuchagua mnara mzima, chagua miguu miwili ya mbele na pleti zake tu. Dawa ya pili ni mkato. Dawa ya tatu, ya kuteua mstari na kuuficha kwa mkono, ifanye mwishoni kabisa, kwa sababu programu inaikumbuka kingo kwa namba. Ukibadilisha umbo, namba zinaweza kuhama, na ufiche uliouweka ukaangukia mstari usiohusika. Vipimo navyo vinaweza kuhama hivyo hivyo. Kila baada ya badiliko, pitia ukurasa wote kwa macho.

Kasi: hesabu ya mistari iliyofichika ni nzito. Mnara wenye bolti hamsini zenye nyuzi zilizochorwa kweli utaigandisha kompyuta ya kawaida. Bolti zichore kama silinda kavu. Wakati wa kupanga ukurasa, washa CoarseView: inachora haraka kwa kukadiria, ila miduara inakuwa pembe nyingi fupi na kipenyo hakipimiki. Izime kabla ya kuweka vipimo. Pia punguza muda wa kujihifadhi kutoka dakika 15 hadi 5. Umeme ukikatika utanishukuru.

Nikilinganisha na AutoCAD ya kawaida, kule mistari ya kukatikakatika unaichora mwenyewe kwa aina ya mstari iitwayo HIDDEN, na kilio cha kila siku ni mstari kuonekana mzima kwa sababu LTSCALE, kipimo cha ukubwa wa vipande vya mstari, haijalingana na skeli. AutoCAD Mechanical ina amri ya AM2DHIDE ambayo unaiambia kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, nayo inakatakata mistari yenyewe, pamoja na ghala la maumbo ya chuma kwa AMSTLSHAP2D. Kwa mchoro wa bapa peke yake ni ya haraka kuliko FreeCAD. Ila inalipiwa, na ukibadilisha engo kwenye mwonekano wa mbele, mwonekano wa upande unaubadilisha mwenyewe. FreeCAD ukibadilisha umbo moja, mionekano yote inafuata. Kwa mnara ambao mteja anabadilisha kimo mara tatu, mimi nachagua FreeCAD.

Jambo la kukata, ambalo halina uhusiano na mistari lakini linaharibu hesabu nzuri: miguu minne ya milimita 3,000 haitoki kwenye baa mbili za mita 6. Jiwe la grainda linakula kama milimita 3, na ncha za baa mara nyingi hazijanyooka. Chora mguu 2,990 tangu mwanzo, la sivyo utanunua baa ya tatu kwa ajili ya kipande cha kiganja.

Mwisho ni uchapaji, na hapa usiende ukiwa na haraka. Hifadhi kama PDF, na kwenye ukurasa weka mstari wa kupimia wenye urefu wa milimita 100 kamili, karibu na kisanduku cha taarifa. Steshenari nyingi zimeweka printa ijipimie yenyewe karatasi, kwa hiyo mchoro unasinyaa kidogo na skeli inakufa bila mtu kujua. Omba wachape kwa asilimia 100, kisha weka rula juu ya ule mstari pale pale kaunta. Ukisoma 97, karatasi hiyo isifike karakana. Na kama utatoa fotokopi kwa mafundi, mistari iliyofichika ipe HiddenWidth (unene wake) ya 0.35 na ya kawaida 0.7, ya 0.18 inapotea kwenye nakala ya pili, na fundi wa Ujiji anabaki na engo isiyo na mgongo.