“Mambo?” ya kila Jumatatu: huduma ya ujumbe ya kliniki yetu

Nauza mahamri na mbaazi Likoni. Niligundulika kuwa na VVU nikiwa na mimba ya kitindamimba wangu, ambaye alizaliwa bila virusi na sasa yuko gredi ya sita. Huduma hii nimeitumia miaka mitatu na ushei, kwa hiyo ninachosema hapa nimekipitia mwenyewe.

Kila Jumatatu simu inaingia neno moja: “Mambo?” Unajibu “Sawa” au “Shida”. Ukiandika Shida, au ukinyamaza siku mbili, sista wa kliniki anakupigia. Basi, ni hivyo tu. Haihitaji bando wala simu kubwa, hata kabambe, simu ndogo ya vitufe, inatosha. Na mbinu yenyewe ilijaribiwa hapa hapa Kenya kuanzia mwaka 2007, katika kliniki tatu, mojawapo ikiwa Pumwani na nyingine Kajiado, kwa watu 538 waliokuwa wakianza ARV, yaani dawa za VVU. Matokeo yalitoka 2010: waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walimeza dawa inavyotakiwa, wasiotumiwa, asilimia 50. Virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa na 48 ya wasiotumiwa.

Mimi nilijua thamani yake siku nilipokwama Kilifi. Nilikwenda mazikoni kwa siku mbili, nikakaa tisa, na dawa nilibeba za siku nne. Jumatatu ikafika chupa ikiwa tupu. Nikaandika “Shida” nimekaa mkekani kati ya wafiwa, nikaifunika simu kwa leso. Haikupita saa moja sista akapiga. Kwanza akanipa pole ya msiba. Ndipo akauliza, “Mama, umebakiwa na vidonge vingapi?” Akanielekeza kituo cha karibu, nikaenda na namba yangu ya kliniki, nikapewa za kunitosha hadi nirudi. Jioni hiyo nilimeza kwa wakati wake. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota tano.

Nyota moja naiondoa kwa sababu hii. Mwaka wa kwanza walianza kutuma na ujumbe wa tarehe, na uliandikwa waziwazi: usikose kliniki ya CCC kesho. CCC ndiyo kliniki ya wenye VVU. Simu yangu ilikuwa mkononi mwa mwanangu, akifanya kazi ya shule. Maneno yakatokea juu ya kioo kabla hata hajafungua kitu. Akaniuliza, “Mama, CCC ni nini?” Nilishikwa na ganzi. Kumwambia mwanangu ni jambo langu, kwa siku nitakayoichagua mimi, na pale ilibaki kidogo simu initangulie. Nilikwenda kulalamika, na nashukuru walinisikiliza: sasa inaandikwa “Karibu kesho” bila zaidi.

Kujibu nako kunakata salio. Ni fedha ndogo, lakini kuna asubuhi sina hata hiyo, na nikikaa kimya naonekana nimepotea. Wanaosimamia huduma hizi wafanye majibu yawe bure. Naomba kwa dhati.

Baadaye tuliwekewa na programu ya simu. Inaonyesha tarehe za kliniki na majibu ya vipimo. Niliyaona majibu yangu nimekaa jikoni kwangu, unga ukiwa bado vidoleni: LDL. Wenzangu mnajua raha ya herufi hizo tatu, virusi vimeshuka hata kipimo hakivioni, na ukidumu hivyo huambukizi mwenzio kitandani. Zamani jibu hilo ningelisubiri hadi kliniki inayofuata. Lakini programu inataka bando na nywila, na nilipobadilisha simu ilinikataa wiki nzima. Wazee wetu wengi wa kliniki hawaigusi. Nawaomba kliniki wasije wakaua ujumbe wa kawaida kwa sababu wamepata programu.

Na kuna hili linaloniumiza zaidi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, baadhi ya wahudumu wetu waliokuwa wakilipwa na miradi walirudishwa nyumbani. “Mambo?” iliendelea kuingia kila Jumatatu, saa ile ile. Dada mmoja tunayekaa naye benchi moja aliandika “Shida”. Hakuna aliyepiga. Akaandika tena wiki iliyofuata, kimya. Tukachangishana nauli tukampeleka wenyewe. Sasa kuna sista mmoja anayepokea majibu ya watu wote, na anapiga, japo huchukua siku mbili tatu. Kaunti ikitenga pesa za mtambo, itenge kwanza za huyo wa kupiga simu. Neno “Shida” likikosa wa kuliitika, mtu hataliandika mara ya tatu.

Nyota nne. Ukitaka kujiandikisha, uliza mezani kwa sista siku ya kuchukua dawa, na usiondoke hujamwambia mambo mawili: saa unayotaka ujumbe uingie, na maneno usiyotaka yaonekane. Mimi nilichagua saa tatu asubuhi, mahamri yameisha na mtoto yuko shuleni.