Carcassonne: ufunge mji sasa, au usubiri kigae kingine?

Boksi la mchezo wa mezani wa Carcassonne lina vigae 72 vya kadibodi nene, kila kimoja sentimita 4.5 kwa 4.5, na kete 40 za mbao zenye umbo la mtu, nane kwa kila rangi. Mchezo huu ulibuniwa na Mjerumani Klaus-Jürgen Wrede, ukatolewa na kampuni ya Hans im Glück mwaka 2000, na mwaka uliofuata ukashinda Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Wanacheza watu wawili hadi watano, kuanzia miaka saba. Vigae havina maandishi yoyote, kwa hiyo mtu mmoja akishaelewa kanuni, nyumba nzima inacheza bila kujali nani anasoma lugha gani.

Aliyezoea dhumna hatasumbuka. Zamu yako ikifika unavuta kigae kimoja na kukiunganisha na vilivyopo mezani: mji kwa mji, barabara kwa barabara, majani kwa majani. Kisha, ukipenda, unaweka kete moja juu ya kigae hichohicho ulichoweka, si kingine cha nyuma (watoto hukosea hapa mara nyingi), kudai mji, barabara au monasteri (nyumba ya watawa) isiyo na mwenyewe. Kilichokamilika kinahesabiwa, kete inarudi mkononi. Barabara inalipa pointi 1 kwa kigae. Mji unalipa 2 kwa kigae na 2 zaidi kwa kila ngao iliyochorwa ndani yake. Monasteri inalipa 9 ikishazungukwa na vigae vinane, vya kwenye kona vikiwemo. Jambo moja la kukubaliana mapema: kanuni za zamani ziliupa mji wa vigae viwili pointi 2 tu, za sasa zinaupa 4. Tumieni za sasa.

Wengi huusifu kwa mandhari yanayojengeka mezani, na kweli yanapendeza. Lakini utamu wake hasa uko kwenye kujaribu bahati. Mji wa vigae vinne wenye ngao moja unalipa pointi 10 ukifungwa. Vigae vikiisha ungali wazi, unalipa 5. Je, uufunge sasa na kuchukua chako, au uupanue ukitumaini kigae cha kuufunga kitakuja? Tamaa ikikuponza unapoteza nusu, si vyote, na ndiyo maana tunaupendekeza kwa familia: mtoto aliyecheza kwa pupa bado anaondoka na kitu.

Adhabu kali zaidi iko kwenye kete. Kati ya nane, moja inakaa kwenye ubao wa pointi, zinabaki saba za kazi. Mwenye miji mitatu wazi, barabara mbili na monasteri mbili ambazo hazijazungukwa ameishiwa. Akivuta monasteri nyingine, ataiweka bure. Na kete haiwezi kurudi na kutumika zamu ileile, kwa sababu kuweka kete kunatangulia kuhesabu. Mchezaji mzuri hubaki na kete moja mkononi mpaka vigae vya mwishomwisho.

Bahati ya mchezo huu inahesabika, na hilo ndilo linaloutofautisha na michezo ya kurusha dadu. Mwanya (nafasi tupu kati ya vigae) unaotaka mji upande mmoja tu, pande nyingine zikiwa huru, unazibwa na vigae 22 kati ya 71 vya kuvuta (kile cha 72 ndicho cha kuanzia). Ukitaka mji pande mbili zinazopakana, viko 12. Pande tatu, 7 tu: vinne vina majani upande uliobaki, vitatu vina barabara. Pande zote nne, kimoja. Kwa hiyo kabla ya kupanua mji, tazama umbo la mwanya utakaouacha. Kigae kimoja kikiwekwa vibaya kinaweza kukutoa kwenye 22 hadi 3.

Pia ipo mianya ambayo haizibiki kabisa. Mji kushoto na kulia, barabara juu na chini: kigae cha namna hiyo hakimo kwenye boksi la msingi. Mwanya wenye majani pande tatu na barabara upande wa nne unajazwa na monasteri yenye barabara peke yake, nazo ni mbili. Wachezaji wazoefu huwatega wenzao kwa mianya hii makusudi, kete ya mwenzako ikwame humo hadi mwisho. Mnapocheza na watoto wadogo, afadhali mbinu hiyo iwekwe kando. Inaumiza kuliko kushindwa kwenyewe.

Wakulima ndio sehemu ngumu. Kete inalazwa kwenye majani, hairudi tena, na mwisho wa mchezo inalipa pointi 3 kwa kila mji uliofungwa unaopakana na eneo lake. Kufuata mpaka wa eneo moja la majani kati ya barabara nyingi huleta ubishi hata kwa watu wazima. Michezo miwili mitatu ya mwanzo chezeni bila wakulima. Kanuni zenyewe zinaruhusu.

Idadi ya wachezaji inabadilisha hesabu sana. Mkiwa wawili, kila mmoja anavuta vigae 35 au 36, na mji mkubwa una muda wa kufungwa. Mkiwa watano ni kama 14 tu kwa mtu, na kungoja zamu kunachosha watoto. Kwetu, wawili hadi watatu ndiyo kiasi chake. Acheni nafasi ya mita moja kwa mita moja mezani, kigae cha kuanzia kikae katikati.

Ladha ya kubahatisha ikiwakolea, kuna nyongeza ya kwanza, Inns & Cathedrals, yenye vigae 18. Barabara yenye nyumba ya wageni inalipa 2 kwa kigae ikikamilika. Mji wenye kanisa kuu unalipa 3 kwa kila kigae na kila ngao. Visipokamilika hadi mwisho, vyote viwili vinalipa sifuri. Ni nzuri mno kwa vijana na watu wazima, lakini inaondoa ile huruma ya boksi la msingi, na mpinzani anaweza kukupachikia kanisa kuu kwenye mji wako dakika za mwisho ili usipate kitu. Kwa mtoto wa miaka minne hadi sita, nunua toleo la My First Carcassonne: vigae ni 36, kila kigae kinaungana na chochote, na anayemaliza kete zake kwanza ndiye mshindi.