Tathmini: Vipimo vya Damu vya Kukisia Uhai Baada ya Damu Kuvuja Ubongoni

Anayetaka kununua kipimo cha damu kinachodaiwa kuonyesha nani ataishi baada ya kiharusi cha kuvuja damu hana budi kujiuliza kwanza kama namba hiyo itamwambia lolote ambalo picha ya CT haijamwambia. Mshindani wa kweli yupo tangu 2001, na hahitaji hata tone la damu: ni alama ya ICH (kifupi cha Kiingereza cha damu kuvuja ndani ya ubongo), inayotoka 0 hadi 6 kwa kujumlisha fahamu za mgonjwa kwa kipimo cha Glasgow, bonge la damu lenye mililita 30 au zaidi, damu iliyoingia kwenye ventrikali (vyumba vya majimaji ndani ya ubongo), uvujaji ulioanzia sehemu ya chini ya ubongo, na umri wa miaka 80 kwenda juu.

Kati ya vipimo vya protini, kile cha GFAP, protini ya seli zinazosaidia neva ubongoni, ndicho kilichonivutia zaidi, kwa kuwa hupanda ndani ya saa chache damu inapovuja, mapema kuliko kwenye kiharusi cha mshipa kuziba. Hata hivyo, nguvu yake kubwa iko katika kutofautisha aina za kiharusi kuliko katika kutabiri kifo. Mashine ya mkononi ya i-STAT ya Abbott hutoa majibu ya GFAP na UCH-L1 (protini ya seli za neva) kwa takriban dakika 15, lakini idhini yake nchini Marekani inahusu majeraha madogo ya kichwa, ili kuamua kama CT inahitajika. Anayeinunua kwa ajili ya kutabiri uhai anaipa kazi isiyo yake.

S100B, protini nyingine ya ubongo, imenikatisha tamaa, maana hutoka pia kwenye mafuta ya mwili. NSE, kimeng'enya cha seli za neva, nayo inadai uangalifu ambao wodi yenye haraka haina: chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kuchota damu, na plazma (maji ya damu) ikatoka na wekundu badala ya rangi ya majani makavu, namba hupanda bila ubongo kuhusika, kwa sababu chembe hizo zenyewe zina NSE. NfL, protini ya nyuzi za neva, ni makini zaidi kuhusu uharibifu wa nyuzi hizo, ila huchelewa kupanda, na umri mkubwa au figo dhaifu huipandisha pia.

Kinachobaki ndicho cha bei nafuu kuliko vyote, yaani uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti (aina mbili za chembe nyeupe za damu), ambao tayari umo kwenye hesabu ya kawaida ya chembe za damu. Ripoti yenye nyutrofili 9.6 na limfosaiti 0.8 inatoa uwiano wa 12, na uwiano mkubwa umehusishwa mara nyingi na vifo zaidi, sawa na sukari iliyo juu wakati wa kupokelewa. Maambukizi na dawa za steroidi huuvuruga, kwa hiyo usomwe pamoja na chati ya dawa.

Dosari ambayo vijitabu vya wauzaji havigusi ni kwamba namba mbaya inaweza kujitimizia yenyewe: tiba ikipunguzwa kwa sababu yake, mgonjwa hufa, na kipimo huonekana kilisema kweli. Mwongozo wa Marekani wa 2022 kuhusu kiharusi cha kuvuja damu unashauri kuahirisha maagizo mapya ya kutomfufua mgonjwa hadi angalau siku kamili ya pili ya kulazwa. Maabara yenye bajeti finyu ianze na uwiano huo na alama ya ICH, na inunue kipimo cha GFAP pale tu inapotaka kutambua aina ya kiharusi mapema.