Kisanduku kimeandikwa "kwa kupaka tu", wao wakanidunga

Nimejaribu kusubiri hasira ipoe ndipo niandike. Wiki zimepita, haijapoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Nywele zangu zilianza kupukutika baada ya homa kali iliyonilaza kitandani karibu wiki mbili. Hazikutoka palepale. Ilipita kama miezi mitatu, nimeshasahau hata kwamba niliugua, ndipo nikaanza kuziokota kwenye mto, kwenye chanuo, kwenye tundu la maji bafuni. Nikizigawa katikati, ile njia ya ngozi inayoonekana ilikuwa imepanuka. Nilifika mahali pa kuchagua kiti kila niendapo, nisikae chini ya taa.

Nikaanza na minoksidili ya kupaka, dawa ya kuotesha nywele. Aliyeniuzia alinipa chupa na maneno mawili: asubuhi na jioni. Kama wiki ya nne hivi, nywele zikatoka nyingi kuliko mwanzo. Niliogopa mno. Nikaitupa chupa na siku zile zile nikaanza kumwambia kila mtu kwamba dawa ile inamaliza nywele. Leo najua kwamba wengi hupitia hali hiyo mwanzoni: nywele zilizokwisha kuchoka husukumwa nje na zinazoanza kuota, na matokeo huanza kuonekana baada ya miezi minne hivi au zaidi. Sentensi moja tu ya kunionya ingetosha. Sikuambiwa, na hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye kliniki ninayoiandikia maoni haya.

Mapokezi yao, nisidanganye, ni mazuri. Walinikaribisha, wakanisikiliza, wakanipiga picha za utosi. Wakaniambia watanitoa damu yangu mwenyewe, waizungushe kwenye mashine, wachukue yale maji ya manjano na kuyadunga kichwani, pamoja na kitu kinaitwa eksosomu, yaani vifuko vidogo mno vinavyotolewa na chembe hai, ambacho kwao ni "chakula cha mizizi". Na yote hayo, wakasema, "yameidhinishwa na FDA", ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Alilisema binti wa mapokezi, akalirudia mhudumu, na ukutani lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Nililipia vipindi vinne kwa mpigo, fedha niliyokuwa nimeiweka kwa jambo lingine kabisa.

Kipindi cha kwanza kilipita. Sindano za kichwani zinauma, hasa karibu na paji la uso, machozi hutoka yenyewe. Nilivumilia.

Kipindi cha pili, nimeshalala kwenye kitanda, kichwa kimepakwa dawa ya ganzi, mhudumu akatoka kupokea simu. Trei ilikuwa kando ya bega langu. Juu yake sirinji mbili zimejazwa tayari, pamba, na kisanduku cheupe chembamba, hakizidi kidole changu cha kati. Nilikichukua ili tu nijue jina la hicho chakula cha mizizi. Upande wa nyuma, kwa maandishi madogo ya kijivu, kimeandikwa: kwa kupaka juu ya ngozi tu, si kwa kudunga.

Nilisoma mara tatu. Nikakipiga picha. Alipoingia nikamuuliza.

"Dada, hiki ndicho mlichonidunga mara ile ya kwanza?"

"Hicho hicho. Usiwe na wasiwasi."

"Mbona kimeandikwa kisidungwe?"

Akakitwaa mkononi mwangu, hakuniomba, akakitia mfukoni mwa koti lake. "Mpenzi, hayo kampuni inaandika kujilinda tu. Sisi ndio wataalamu. Wewe umekuja kutibiwa au umekuja kunitahini?"

Nikaomba nimwone daktari mwenyewe. Nikajibiwa kwamba daktari ana wateja. Nikashuka kitandani na ganzi yangu kichwani, nikaondoka.

Mkono ule uliochukua kisanduku ndio unaonikosesha usingizi. Angesema "ngoja nikamuulize daktari", ningemsubiri. Angesema "sijui", ningemheshimu. Lakini kunipokonya maandishi nisiyasome, mimi ambaye kichwa ni changu na ngozi ni yangu!

Nilipofika nyumbani ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kulipa. Hakuna bidhaa yoyote ya eksosomu ambayo FDA imewahi kuidhinisha, si ya nywele, si ya ugonjwa mwingine wowote, na tangu 2019 mamlaka hiyo imekuwa ikiwaonya watu hadharani. Na ile mashine ya kuzungusha damu? Vifaa vya aina hiyo kwa kawaida hupewa kibali cha kuandaa maji ya damu yachanganywe na vipandikizi vya mifupa katika upasuaji. Mifupa! Kibali ni cha kifaa, kwa kazi nyingine, nao wamekinyoosha mpaka kikafunika kichwa changu.

Nilitaka niandike hapa kwamba tiba ya damu haina kazi, watu waikimbie. Sitaandika hivyo. Daktari wa ngozi niliyekwenda kwake baadaye aliniambia wapo wanaopata nafuu kwayo, ila utafiti wake ni mdogo mdogo na kila mtu huiandaa kivyake. Akaniambia pia kwamba kutumia dawa nje ya kibali chake si kosa kwa daktari. Vidonge vya minoksidili viliidhinishwa 1979 kwa ajili ya shinikizo la damu, na leo madaktari wengi huviandika kwa kipimo kidogo kwa ajili ya nywele. Hilo nalikubali. Sharti mgonjwa aambiwe. Kwa hiyo nikasema moyoni labda nimekuwa mkali, labda niwape nyota mbili.

Kisha nikaikumbuka chupa.

Siku ya kwanza walinipa chupa ya kupaka nyumbani, "mchanganyiko wetu maalumu". Niliitoa kwenye mkoba nikamwonyesha daktari. Akaisoma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, una ujauzito?" Ndani mlikuwa na finasteridi. Dawa hiyo iliidhinishwa 1997 kwa wanaume wenye upara, ya vidonge, na kwa wanaume tu. Mwanamke mjamzito huonywa hata asishike kidonge chake kilichovunjika, kwa sababu inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Sikuwa mjamzito. Wao walijuaje? Katika fomu yao ndefu waliniuliza rangi ninazopaka na mafuta ninayotumia, hakuna aliyeniuliza kama nina mimba au natarajia kupata. Hapana, nyota mbili nimezirudisha.

Daktari yule hakuwa na herufi za ukutani. Alinivuta nywele kidogo kidogo sehemu mbalimbali akahesabu zilizobaki vidoleni, akaangalia ngozi kwa kioo chenye taa, akaulizia homa, uzazi, mtindo wa kusuka, kisha akanipima damu kuangalia madini ya chuma na tezi ya shingo. Akasema nina mambo mawili kwa pamoja: zile zilizotoka kwa homa, ambazo kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya miezi kadhaa, na upungufu wa kurithi ambao homa imeuanika tu. Kwa huo wa pili akanirudisha kwenye minoksidili. Ile ile niliyoitupa. Iliidhinishwa kwa wanaume 1988, kwa wanawake 1991, na mpaka sasa ndiyo ya kupaka ambayo mwanamke mwenye tatizo langu anaweza kuambiwa imeidhinishwa bila mtu kupindisha maneno.

Nayo si muujiza. Inawasha ngozi ya kichwa, inakausha, na nikiiacha, ilichoniletea kitaondoka. Kuna asubuhi naichukia kabisa. Lakini mbele, juu ya paji, kuna vinywele vifupi vilivyosimama ambavyo havikuwapo. Navigusa kila siku. Sijui kama ni kazi ya dawa au ni zile za homa zimerudi, na daktari naye hakujifanya anajua.

Nilipowapigia kliniki kudai fedha ya vipindi viwili ambavyo sikuvigusa, na kile nilichokiacha nusu, niliambiwa malipo hayarudishwi kwa mteja "aliyekatisha tiba kwa hiari yake". Juzi wamenitumia ujumbe: "Mpenzi, tumekumiss, kipindi chako cha tatu kinakungoja." Nimewajibu kwa picha ya kisanduku, upande wa nyuma. Wameisoma. Hawajajibu.