Kugongewa viza ya kazi ya Marekani: safari yangu ya Tanga na Msasani

Bibi yangu alizikwa Machi 2022 baada ya swala ya alasiri, nami nikayafuata mazishi yake kwenye simu, nimekaa kitandani Ohio ambako bado ilikuwa asubuhi. Nauli nilikuwa nayo. Kilichonizuia ni pasipoti. Viza yangu ya masomo ilikuwa imekwisha muda, na nikitoka Marekani nisingeweza kurudi kazini mpaka nigongewe nyingine ubalozini. Nikaogopa, nikakaa. Kwa hofu hiyo sikuiona Tanga tangu 2018 hadi Mei 2024. Naandika kwa ajili ya wenzangu waliokwama kama nilivyokwama, kwa sababu niliyoyasikia miaka yote hiyo yalikuwa mazito kuliko niliyoyakuta.

Tuelewane kwanza juu ya viza yenyewe, maana hata mimi nilichelewa kuielewa. Viza ni ruhusa ya kufika mpakani na kubisha hodi. Ukishakaribishwa ndani, kinachokupa haki ya kukaa na kufanya kazi ni kumbukumbu ya kuingia iitwayo I-94 pamoja na idhini ambayo mwajiri wako amekuombea idara ya uhamiaji, USCIS. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi kule kihalali kabisa huku viza iliyobandikwa kwenye pasipoti imekufa zamani. Mimi nilimaliza shahada ya uzamili ya takwimu 2020, nikafanya kazi kwa ruhusa wanayopewa wahitimu, na 2023 chuo kikuu kilichoniajiri kikanihamishia H-1B, hadhi ya kazi ya muda kwa wenye taaluma, ya miaka mitatu. Vyuo vikuu haviingii kwenye ile bahati nasibu ya kila mwaka ya nafasi 65,000 za H-1B na nyongeza ya 20,000 kwa wenye shahada za juu za Marekani, kwa hiyo hapo sikupata misukosuko. Lakini hadhi ilibadilishwa nikiwa humo humo ndani. Pasipoti haikuguswa. Siku nikitoka tu, lazima nipitie dirisha la ubalozi.

Fomu ya kuombea viza ni DS-160, ya mtandaoni. Niliijaza mwenyewe, usiku tatu mfululizo, na ningekuwa na uwezo ningemsihi kila Mtanzania aijaze mwenyewe. Ukiiacha kama dakika 20 bila kuigusa inakutoa nje, kwa hiyo hifadhi kila ukurasa na uandike pembeni ile namba inayoanza na AA. Wanauliza safari zako, kazi zako za nyuma, na majina unayotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka mitano iliyopita. Eneo la hatari kwetu ni majina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na wengi hatujui lipi ni la ukoo mpaka tufungue pasipoti. Fuata pasipoti herufi kwa herufi, kisha ulinganishe na barua ya idhini, I-797. Ada ilikuwa dola 205, wakati ule zaidi ya shilingi laki tano, na ukinyimwa viza hairudi.

Nilipofika nyumbani Ngamiani, Tanga mjini, nikawa na wiki mbili kabla ya miadi, iliyokuwa Jumanne tarehe 11 Juni, saa moja na nusu asubuhi. Wiki ya kwanza sikutaka kusikia habari za viza. Nilikula mahamri na mbaazi za nazi za kila asubuhi ambazo sikuzila miaka sita, nikaenda na baba yangu kaburini kwa bibi, tukasoma dua, tukakaa hadi jua likawa kali.

Kisha ikaja habari ya picha. Marekani wanataka mraba, milimita 51 kwa 51, nyuma pawe peupe, miwani ivuliwe. Mtandio wa mwanamke Mwislamu unaruhusiwa ikiwa ndivyo unavyovaa kila siku, mradi uso wote uonekane kuanzia kidevuni hadi juu ya paji na kusiwe na kivuli. Mpiga picha mmoja wa mjini alinipiga kwa kitambaa cha buluu, kama anavyowapiga wote wanaoomba pasipoti yetu, na alipobadilisha rangi kwa kompyuta ukingo wa mtandio ukawa umekatika. Nilimlipa, nikarudi nyumbani. Mdogo wangu akatundika shuka jeupe ukutani uani, saa nne asubuhi, mwanga ukiwa laini, akanipiga kwa simu mara kama thelathini. Ile tuliyoichagua ndiyo iliyopokelewa.

Faili langu lilikuwa na karatasi ya uthibitisho wa DS-160 na ile ya miadi, nakala ya I-797 na ya maombi yote ya mwajiri pamoja na fomu iliyothibitishwa na wizara yao ya kazi kuhusu mshahara, barua mpya ya mwajiri inayotaja cheo na mshahara, slipu za mshahara za miezi mitatu, vyeti vyangu, na pasipoti ya zamani yenye viza ya masomo. Shangazi alisisitiza nichukue pia hati ya kiwanja cha baba. "Mwanangu, wale wanataka waone una kwenu," aliniambia. Alikuwa sahihi kwa viza ya utalii au ya masomo, ambako kazi yako kubwa dirishani ni kuonyesha kuwa utarudi. H-1B haina sharti hilo. Sheria yao inakuruhusu kuja kwa kazi ya muda hata kama moyoni una nia ya kuomba makazi ya kudumu baadaye. Hati niliichukua kwa heshima yake, nikaiacha kwenye begi.

Tarehe 10 nilipanda basi kituo cha Kange saa kumi na mbili asubuhi. Muheza wakapanda wenye machungwa, Segera tukanywa chai, na mchana nikawa nimefika Dar es Salaam kwa shangazi mwingine, Mwananyamala. Yeyote anayetoka Tanga alale Dar. Usijaribu kutoka usiku uunganishe. Nilikuwa na rafiki aliyefanya hivyo, basi likaharibika Mkata, akafika miadi imeshapita.

Ubalozi uko Msasani, barabara ya zamani ya Bagamoyo. Ukaguzi wa getini ni mkali, na mtu wa umri wangu anaelewa sababu: tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wao wa zamani hapa Dar ulilipuliwa, watu 11 wakafa. Simu hairuhusiwi ndani, wala kifaa chochote cha umeme. Simu yangu aliishika binamu aliyenisindikiza, akaningoja ng'ambo ya barabara. Walinzi walikuwa Watanzania wenzetu, wanaongea kwa upole, "dada sogea hapa, mama kaa kivulini." Mama mmoja mtu mzima aliyekuja kuomba viza ya kumtembelea mwanawe aliketishwa kabla ya sisi wote. Nililipenda sana hilo.

Kwenye foleni kijana aliyekuwa mbele yangu alipata pigo. Alikuwa amemlipa wakala amjazie fomu. Wakala alikosea, akajaza fomu nyingine mpya, lakini miadi ikabaki na namba ya ile ya kwanza. Namba hazikulingana. Akaambiwa akarekebishe kwanza. Alisimama pale ameshika bahasha yake mpya ya khaki, hajui aende wapi, maana simu yake yenye namba ya wakala ilikuwa nje na yeye yuko ndani. Nilimweleza nilichokijua: namba ya fomu hurekebishwa kwenye akaunti ya miadi, na kama akaunti aliifungua wakala kwa barua pepe yake mwenyewe, basi ufunguo wa safari yako uko mfukoni mwa mtu mwingine. Akanijibu ndivyo ilivyokuwa. Bado namfikiria yule kijana.

Dirisha la kwanza unatoa karatasi, la pili unatoa alama za vidole, vyote kumi, na la tatu ndiyo usaili. Unaongea umesimama, kioo katikati, na aliye nyuma yako anasikia. Afisa alinisalimia kwa Kiswahili kisha tukaendelea kwa Kiingereza. Aliniuliza chuo kinafanya nini, kazi yangu kila siku ni ipi, nasimamiwa na nani, nalipwa kiasi gani, nilisoma nini na wapi. Dakika tano hazikufika. Ushauri wangu ni huu: jizoeze kuieleza kazi yako kama unavyomweleza baba yako. Mimi hupanga takwimu za wagonjwa wa kisukari ili madaktari wajue dawa ipi inamfaa nani. Nilisema hivyohivyo, akaelewa papo hapo, akaandika.

Halafu akanipa karatasi yenye namba 221(g).

Nilihisi magoti yanalegea. Karatasi ilisema wanahitaji wasifu wangu wa kazi na maelezo marefu zaidi ya utafiti ninaoufanya, nitume kwa barua pepe. Pasipoti ikabaki kwao. Jioni ileile, kwenye meza ya chakula ya shangazi Mwananyamala, nilituma vyote. Nilipoangalia hali ya ombi kwenye tovuti yao, neno lililojitokeza lilikuwa la Kiingereza lenye maana ya kukataliwa. Usiku ule sikulala. Asubuhi wakili wa uhamiaji wa chuo akanituliza: 221(g) kwa lugha ya sheria yao ni ombi ambalo haliwezi kukamilishwa bado, na mfumo huliandika hivyo mpaka litolewe uamuzi. Ningeambiwa hilo kabla, ningelala. Ndiyo sababu nakuambia wewe sasa.

Nikarudi Tanga kusubiri. Tiketi yangu ya kurudi Ohio ilikuwa ya tarehe 20 Juni na nilikuwa nimejiwekea siku tisa tu baada ya usaili. Hazikutosha. Ubalozi hufungwa kwa sikukuu zao na zetu pia: Idi ya kuchinja ikawa Jumatatu tarehe 17, na Jumatano tarehe 19 ikawa sikukuu yao ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Wiki nzima ikabaki na siku tatu za kazi. Nikabadilisha tiketi hadi tarehe 5 Julai, nikalipia tofauti. Mwajiri wangu alinikubalia likizo ya ziada, lakini si kila mwajiri atakubali, kwa hiyo zungumza naye kabla hujapanda ndege, na kalenda za nchi zote mbili uziweke mezani.

Kucheleweshwa kule kulinipa Idi ya kwanza nyumbani baada ya miaka sita. Baba alichinja mbuzi, nami ndiye niliyegawa nyama kwa majirani, mlango kwa mlango, wengine wakinitazama mara mbili kabla ya kunitambua. Mwalimu wangu wa madrasa, sasa haoni vizuri, alinishika mkono akanitaja kwa jina la bibi yangu.

Tarehe 24 neno kwenye tovuti likabadilika: imetolewa. Tarehe 27 nilikuwa na pasipoti mkononi, siku 16 tangu usaili. Tunasema kugongewa, lakini siku hizi ni karatasi inayobandikwa ukurasa mzima. Isome pale pale kabla hujaondoka. Angalia jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, na sehemu ya chini ambako jina la mwajiri huandikwa baada ya herufi PN na tarehe ya mwisho ya idhini baada ya PED. Yangu ilikuwa sawa yote, nikaisoma mara nne nimesimama juani.

Ukishavuka uwanja wa ndege wa kule, fungua I-94 yako mtandaoni siku hiyohiyo. Maafisa wa mpakani wanaweza kukupa muda mfupi kuliko idhini ya mwajiri ikiwa pasipoti yako itaisha mapema, na wengi hugundua wamechelewa. Yangu iliandikwa hadi 2026, sawa na idhini.

Nilimpigia baba nikiwa bado nasubiri mabegi. Swali lake lilikuwa moja tu: sasa ukitaka kuja tena, kuna wa kukuzuia? Nikamwambia hakuna, viza bado ina uhai. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yule mbuzi mwingine hatamuuza, atamfuga hadi Idi ijayo.