Jina si kidole: nilivyofuatilia cheti cha tabia njema Tanga

"Dada, mbona wewe una kesi?"

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa dirishani, watu wamejaa kwenye benchi nyuma yangu, nami nimevaa baibui langu la kutokea kwa sababu nilijua siku hiyo narudi nyumbani na cheti. Hakuniita pembeni. Hakuniuliza tena majina yangu. Alitazama kompyuta, akatazama karatasi, akapaza sauti kama anayenadi samaki mnadani.

Nikamwuliza, "Kesi gani, kaka yangu?"

"Utakuwa unaijua mwenyewe. Anayefuata!"

Ofisi siitaji, na huyo kijana simtaji. Tanga ni mji wa kujuana na sitaki kumfanyia mtu nilichofanyiwa mimi. Lakini naandika, kwa sababu siku zile nilitafuta mtu aliyepitia jambo kama langu anieleze nifanyeje, nikakuta kila mtu anaeleza picha ngapi na fomu ipi, basi. Hakuna aliyesema ukiambiwa una kesi usiyoijua unashika wapi.

Nilikuwa nimepata kazi ya matroni kwenye shule ya bweni upande wa Pongwe. Shule ilitaka cheti cha tabia njema kutoka polisi, na mimi nilikubaliana nao moja kwa moja. Mtu anayelala jengo moja na watoto wa watu ni lazima ijulikane alikotoka. Nina watoto wangu wawili, ningetaka hivyo hivyo. Kwa hiyo sikwenda kule nikinung'unika. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, picha, malipo kwa kontroli namba, yote nilimaliza asubuhi moja na sina la kulalamikia hapo.

Na vidole. Hapa niseme kwa haki, afande aliyenichukua alama za vidole alinifurahisha mno. Mtu mzima, mpole, alishika kidole kimoja kimoja akakiviringisha kutoka ukingo huu wa ukucha mpaka ukingo wa pili, wino mweusi, vyumba kumi kwenye fomu. "Legeza mkono, mama, niachie mimi." Nikamwuliza kwa nini vyote kumi. Akaniambia hakuna watu wawili duniani wenye alama moja, hata mapacha wanaofanana mpaka mama yao anawachanganya, na hata wewe mwenyewe kidole gumba cha kulia si sawa na cha kushoto. Nilitoka pale na mikono myeusi, moyo mweupe. Nilimsifia nyumbani usiku ule. Baadaye mtaona kwamba hata yeye alikosea, lakini kukosea kwake na kukosea kwa yule wa dirishani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Turudi dirishani, maana akili yangu haijatoka pale.

Kwenye benchi alikuwepo bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu Makorora, amekuja kwa mambo ya mjukuu wake. Tulisalimiana vizuri nilipoingia, nikampa shikamoo, akaniombea dua ya kazi mpya. Nilipogeuka kutoka dirishani, yeye alikuwa anatazama sakafu. Hakunitazama tena. Nilipita mbele yake kama mtu asiyemjua, na yeye akaniacha nipite. Nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, baiskeli zinanipita, wala sikumbuki nilipitia barabara ya ngapi.

Alaasiri sijainjika hata sufuria, mama mkwe ananiita chumbani kwake.

"Mwanangu, kaa. Nimesikia una kesi. Ni kesi ya nini?"

"Sina kesi, mama."

"Mume wako anajua?"

"Mama, wallahi sina kesi yoyote."

Akanyamaza. Si mtu mbaya mama mkwe wangu, amenilelea watoto. Lakini kimya kile kilikuwa na swali ndani yake, na swali lile lilikaa nyumbani kwetu mpaka mume wangu aliporudi na lori kutoka safari. Neno moja la mtu aliye kazini, aliyelipwa kusoma karatasi, na mimi nikawa mshtakiwa kwa mume wangu, kwa mama mkwe, kwa mtaa. Kila nikipita barazani mazungumzo yanapungua sauti.

Sisi wa pwani tunapewa jina letu, la baba na la babu, na majina yenyewe ni yale yale. Simama katikati ya soko la Mgandini uite Fatuma Juma Ally uone wangapi watageuka: muuza nazi, mteja wake, na mtoto aliyeshikwa mkono. Langu si hilo, lakini ni la namna hiyo hiyo. Ndiyo maana kuna vidole! Kama jina lingetosha, wasingenipaka wino. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba vidole vyangu kumi vilikuwa ndani ya faili lile lile, na bado nikahukumiwa kwa jina.

Mdogo wangu anasoma sheria. Nilimpigia simu nikilia, naye hakunipa pole nyingi, aliuliza swali moja. "Dada, hiyo karatasi umeonyeshwa?" Nikasema hapana. "Basi usibishane naye kwa mdomo. Andika barua uombe kujua kilichoandikwa na uombe kirekebishwe." Akanieleza mambo mawili niliyoyashika kama dua. Kwanza, Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza hata mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Hata aliyeshtakiwa, sembuse mimi. Pili, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ndani yake mtu anaruhusiwa kuomba taarifa zake zenye makosa zisahihishwe. Mambo ya upelelezi yana milango yake, alisema, lakini kuomba kusahihishwa si ukaidi.

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Niliandika majina kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, siku niliyochukuliwa vidole, na maneno niliyoambiwa dirishani, vile vile, bila kuongeza chumvi. Nikaomba vitu viwili: nijulishwe kumbukumbu hiyo ni ya nani, na alama zangu za vidole zilinganishwe na za huyo mtu. Jina langu la kwanza lina herufi moja pungufu kwenye cheti changu cha shule, kwa hiyo nilipitia kwa wakili kwanza nikala kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, nikaambatanisha. Kama una tatizo hilo limalize kabla hujaenda, maana herufi moja inaweza kukufungulia faili la pili. Na barua andika nakala mbili. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uandikwe tarehe. Mimi pale mapokezi waliniambia muhuri hauna haja. Nikasimama. Nikasema nitasubiri. Nilisubiri mpaka adhana ya adhuhuri, wakagonga.

Zilipita siku nyingi, sitasema ngapi kwa sababu sikuzihesabu kwa kalenda, nilizihesabu kwa simu za shule. "Mama, cheti vipi?" Nikawa naogopa simu yangu mwenyewe.

Kisha nikaitwa, na hapa ndipo nilipokuta watu. Afisa mwanamke, wa umri wa mama yangu mdogo, alinipeleka chumbani, akafunga mlango. Alifunga mlango! Jambo dogo hilo nililingojea tangu siku ya kwanza. Akasema, "Karibu ukae, mwanangu," ndipo akafungua faili, akaligeuza upande wangu nisome mwenyewe.

Mistari miwili. Wa kwanza: jina linafanana na la mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa wizi. Wa pili: alama za vidole za mwombaji hazisomeki vizuri, zichukuliwe upya ili zilinganishwe.

Basi. Hakuna mahali palipoandikwa nina kesi. Kule Dar es Salaam wanakolinganisha hawakusema ni mimi, walisema hawajui, leteni vidole vizuri. Kijana wa dirishani alisoma mstari mmoja, wa pili akauacha, akawatangazia watu wa benchi.

Na kuna zaidi. Huyo mwanamke mwingine alizaliwa miaka kumi na tisa kabla yangu. Alipohukumiwa mimi nilikuwa shule ya msingi, nimevaa sketi ya bluu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku. Ilikuwa juu ya fomu yangu, mbele ya macho yake. Angetazama tarakimu nne tu angeona sisi si mtu mmoja. Nne! Nilipoliona hilo mle chumbani nilitetemeka mikono, yule afisa akanipa maji. Akasema, "Hili halikutakiwa kusemwa pale. Pole sana." Pole yake niliipokea kwa moyo wote. Lakini si yeye aliyesema.

Nikarudishwa kwa afande wa vidole. Aliitazama fomu ya kwanza kwenye mwanga, akatazama mikono yangu, akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia tangu niolewe natengeneza vitumbua na wali wa kuuza, nazi nakuna mwenyewe, vyombo nasugua kwa sabuni ya unga. Akatikisa kichwa. "Mama, mifereji ya vidole vyako imelika. Na mimi nilikuwekea wino mwingi nikakandamiza, ukajaa. Kosa langu." Hakujitetea. Hilo neno, kosa langu, lilinishusha hasira zote nilizoingia nazo. Akanipa siku nne: nisikune nazi, nisifue, usiku nipake mafuta mikononi. Wifi yangu alinishikia biashara. Niliporudi alinisafisha kila kidole kwa spiriti, akangoja kikauke, akaweka wino mwembamba, akagusa kwa wepesi kama anayeshika yai. Mistari ikatoka yote. Wenye mikono ya kazi, wavuvi, wa mkonge, wa saruji, mama lishe wenzangu, mwambieni mapema mchukua alama kwamba mikono yenu imelika, msiishie kurudishwa kama mimi.

Cheti kilitoka. Safi. Shule ilikuwa imeningojea, Mungu awabariki, nikaanza kazi muhula ule ule.

Kwa hiyo ukiniuliza kama huduma inafanya kazi, nasema inafanya. Nilikuwa nimeapa kuandika kwamba ni upotevu wa siku na nauli, na hilo nalifuta. Ukiandika barua wanasoma. Ukisimama imara wanalinganisha vidole. Nina binamu Mombasa, kwao wanajaza kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, wanachukuliwa alama kwenye fomu C24, cheti wanapakua kwenye simu. Nilimwonea wivu. Kisha nikamwuliza, na jina lako likifanana na la mwizi, unaongea na nani? Akasema hajui. Mimi angalau niliongea na mtu aliyefunga mlango.

Nilitaka kuishia hapo, na sifa. Lakini siku ya kuchukua cheti nilikipokelea dirisha lile lile, kwa mtu yule yule. Alinipenyezea bahasha ya kaki chini ya kioo bila neno. Benchi lilikuwa limejaa. Nikamwambia kwa adabu, "Kaka yangu, siku ile ulisema nina kesi, na watu walisikia. Naomba useme leo kwamba sina." Akanitazama kama nimemwomba pesa. "Si umepata cheti chako?"

Hapana, haitoshi. Uchafu alinitangazia kwa sauti, usafi akanipa ndani ya bahasha. Afande wa vidole namsifu, yule mama namwombea, na bado nasema ofisi yenye dirisha la namna ile imeniumiza na haijamaliza kunilipa. Waweke chumba. Wamfundishe kijana yule kusoma mistari miwili kabla ya kufungua mdomo.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia kwa yule bi mkubwa wa Makorora. Nilimkuta barazani anachambua mchele, nikamwamkia, nikamkabidhi cheti. Akakigeuza huku na huku, akasema macho hayaoni maandishi madogo, nimsomee. Nikamsomea, majina yangu matatu yote, mpaka muhuri. Akaweka ungo chini, akawaita mabinti zake waliokuwa uani.

"Njooni mkae hapa," akawaambia. "Mwanangu, anza tena."